Popoo Mbili na Mto: Kitendawili, Simu na Baraza

Makala haya yanaanza na kosa langu mwenyewe, maana sioni haki ya kuwakosoa wenzangu kabla sijajikosoa.

Katika semina yetu ya fasihi simulizi tuligawanywa katika makundi ya watu watano watano. Kila mmoja alitakiwa kukusanya vitendawili visivyopungua 50 na kuhakiki taswira zake. Mimi sikutoka hata chumbani. Nilichukua simu, nikawaandikia ndugu na binamu zangu katika kundi letu la familia, na kabla ya sala ya isha nilikuwa na vitendawili 64, kila kimoja na jibu lake. Nikajiona mjanja. Cha 17 katika orodha hiyo kilisomeka hivi: "Popo wawili wavuka mto." Jibu: macho.

Juu ya kitendawili hicho niliandika aya nzima. Nilidai kwamba popo ni kiumbe wa usiku, ilhali macho ni viungo vya nuru, na kwa hiyo jamii iliyotunga kitendawili hiki ilikusudia kuonyesha mgongano wa nuru na giza katika maisha ya binadamu. Wanakikundi wenzangu waliisifu aya hiyo. Mhadhiri wetu akaweka alama ya vyema pembeni.

Jamani, aya ile ilikuwa upuuzi mtupu. Katika kitendawili hicho hakuna popo hata mmoja. Kitendawili chenyewe ni "Popoo mbili zavuka mto." Popoo ni lile tunda gumu la mpopoo, la mviringo, ambalo hukatwa vipande likatafunwa katika tambuu pamoja na jani la mtambuu na chokaa. Sarufi peke yake ingetosha kunizindua, maana "mbili zavuka" haiwezi kuwa habari ya wanyama. Lakini kijana mmoja katika lile kundi la simu, ambaye hajapata kuona popoo maishani mwake, alidhani bibi yake amekosea. "Akamsahihisha": akaondoa o moja, akabadili mbili kuwa wawili na zavuka kuwa wavuka. Nami sikuwa na mtu mbele yangu wa kumwuliza.

Lengo la makala haya, basi, ni kuhoji tabia inayozidi kuota mizizi miongoni mwetu wanafunzi wa fasihi: kuichukua simu kuwa mahali pa baraza. Nitatumia kitendawili kama mfano, kwa sababu ni maoni yangu kwamba, katika semi zote, kitendawili ndicho kinachodai kuliko vingine watu wakae pamoja. Methali mtu anaweza kujiambia akiwa peke yake njiani. Kitendawili hakuna anayejitegea mwenyewe.

Tuanze na nadharia. Katika makala yake ya mwaka 1989 katika jarida la Mulika, M. M. Mulokozi alitufundisha kuiona fasihi simulizi kama tukio linaloendeshwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani, tukio lenyewe, mahali na wakati. Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyeyajua mambo hayo sita. Tunayakariri, tunayaandika katika utangulizi wa kila insha. Tatizo ni kwamba tukishafika kwenye uhakiki wenyewe tunashika moja tu, yaani fani, na hayo matano tunayaacha mlangoni kama viatu. Soma insha zetu. Ukurasa wa kwanza unasema hadhira ni muhimu. Kuanzia ukurasa wa pili hadhira haionekani tena. Kinachobaki ni orodha: upande huu swali, upande ule jibu, na maelezo kwamba hapa pana sitiari na pale pana tashihisi.

Orodha ya namna hiyo haikuanza na simu. Vitabu vya shule vimepanga vitendawili hivyo hivyo miaka nenda rudi. Simu imeongeza jambo moja tu, nalo ni kubwa: imetuondolea ile safari ambayo zamani mkusanyaji alilazimika kuifanya. Aliyetengeneza orodha kwa kalamu alikuwa walau amekaa na mtu. Kama alisikia popoo asijue ni nini, aliuliza pale pale, pengine akaonyeshwa.

Baada ya semina kuisha, aibu ikiwa imenishika, nilikwenda Pangani kwa bibi yangu mzaa baba. Nilikuwa nimempigia mapema nikamwomba anitegee vitendawili kwa simu ili nihakikishe orodha yangu. Alikataa. "Mie sitegi kwa simu. Nikikutega ukashindwa, mji utanipa vipi, na uso wako siuoni?" Niliyachukulia maneno hayo kama ukaidi wa wazee. Sasa nayachukulia kama uhakiki.

Usiku wa pili tulikaa barazani: Bibi, mimi, na watoto saba wa hapo nyumbani na kwa jirani. Ng'ambo ya mto zilionekana taa za Bweni. Shangazi yangu anayeishi Maskati alikuwa amepiga simu ya picha kama afanyavyo jioni nyingi, na mtoto mmoja aliishika simu hiyo akaielekeza kwa Bibi. Bibi akaita: "Kitendawili!" Watoto: "Tega!" Akatega: "Popoo mbili zavuka mto."

Kwanza palikuwa na ubishi juu ya neno lenyewe. Mtoto mmoja alisema, "Popo hawavuki mto, wanaupita juu." Bibi akacheka, akatoa popoo katika kijaluba chake cha tambuu akaipitisha mkono kwa mkono. Kila mtoto aliishika. Mmoja aliing'ata akaitema. Ndipo kukisia kukaanza. "Mitumbwi!" Hapana. "Bata wa kwa Mwalimu!" Hapana. "Nazi mbili!" Hapo Bibi akasimama kidogo: "Nazi huelea, na maji huzichukua. Umekaribia, lakini nazi huloa. Zangu haziloi." Watoto wakazidi kuchanganyikiwa. "Vivuli!" akasema binti mmoja wa miaka kama tisa. Bibi alimtazama kwa muda. "Kivuli nacho hakiloi. Wewe una akili. Lakini siyo."

Hebu tusimame hapa tuhakiki. Katika orodha yangu kitendawili hiki kilikuwa na maneno manne na jibu moja. Barazani kilikuwa na majibu manne yaliyokosewa, na kila moja ni sitiari iliyojaribiwa ikakataliwa kwa sababu. Kutokana na kukataliwa huko ndipo tunapojua kitendawili hiki kinasema nini hasa: kwamba kuna vitu vinavyovuka maji bila kuloa, vinavyokwenda bila kuondoka. Nazi ilitufikisha nusu ya njia, kivuli kikatusogeza zaidi. Mwanafunzi anayehakiki swali na jibu tu anaruka moja kwa moja kutoka mlangoni hadi uani. Jibu la "vivuli" kwa maoni yangu ni zuri kama "macho". Lakini jibu halali huamuliwa na mtegaji akiwa amewakabili waliotegwa, na watu hao wana haki ya kubisha.

Lugha yenyewe inatuambia hivyo. Tunasema kutega kitendawili na kutegua kitendawili, kama mtego. Na anayeagiza mtego utegwe ni yule yule atakayenaswa: yeye ndiye anayesema "Tega!" Hiyo ni ridhaa. Anakubali hadharani kwamba huenda akaonekana hajui. Katika kundi la simu la darasa letu mwenzetu mmoja aliwahi kuandika kitendawili usiku. Haikupita dakika, jibu likaja, pamoja na orodha ya vitendawili vingine 30 ambavyo hakuna aliyeviomba. Aliyejibu alikuwa ametafuta kwenye intaneti. Basi, ikaishia hapo. Hakuna aliyesema "Tega", hakuna aliyekisia, hakuna aliyeshindwa. Mtego ulifyatuka bila windo.

Hilo la kushindwa ndilo jambo ninalolitaka zaidi. Turudi barazani. Watoto waliposhindwa kabisa, Bibi akadai: "Nipeni mji."

Kila msomaji wa makala haya anaijua desturi hiyo, na vitabu vyetu huitaja kwa sentensi moja kama pambo la ufunguzi na ufungaji. Mimi nadhani ni zaidi ya pambo. Ni malipo. Asiyejua anakiri kwamba hajui, na kwa kukiri anatoa kitu, tena kitu ambacho si chake: mtoto asiye na hata baiskeli anagawa Tanga nzima. Naye mtegaji ana haki ya kukataa. Anapokubali, husafiri kwa maneno, akasimulia alivyopokewa na alivyokula huko, halafu ndipo anarudi na jibu. Yaani jibu halitolewi bure, wala halitolewi haraka. Kati ya kutojua na kujua pana safari, na safari hiyo huhitaji watu wa kuisikiliza.

"Tanga!" wakasema watoto. Bibi akakataa: "Tanga nilikwenda juzi hospitali, siutaki." "Dar es Salaam!" Akakataa: "Joto na foleni, nendeni wenyewe." "Zanzibar!" Akasitasita, akakataa. Ndipo ikasikika sauti ya Shangazi kutoka kwenye simu: "Mama, chukua Maskati."

Bibi alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Haya. Nimeupokea." Akaanza: amekwenda Maskati, ameteremka, mwanawe amempokea mzigo mlangoni. Amepikiwa wali na samaki, ameambiwa "Kula Mama, umekonda." Wajukuu wote wanne amewapakata mmoja mmoja akawanusa vichwa. Amelala kitanda cha mwanawe, na asubuhi wamekunywa chai pamoja. Kwa kawaida hapa ndipo watoto hucheka, kwa kuwa mtegaji hupiga chuku. Usiku ule hakuna aliyecheka. Kwenye simu Shangazi alikuwa amegeuza uso pembeni. Bibi akamaliza: "Nikauliza kule, popoo mbili zivukazo mto ni nini? Wakaniambia ni macho." Halafu akanyoosha kidole kuelekea taa za Bweni: "Mimi hapa nimeketi, kule nimefika. Nauli ya kivuko nimelipa?"

Hapo ndipo nilipoelewa kitendawili ambacho nilikuwa nimekihakiki na kupewa alama. Macho huvuka, mwili hubaki. Mtu wa Pangani anayeiona Bweni kila siku hahitaji kuelezwa taswira hiyo, ameizoea. Na usiku ule ilipata maana nyingine, kwa sababu pale barazani palikuwa na mama anayemwona mwanawe kila jioni na asiyeweza kumshika mkono. Popoo zake zilikuwa zimevuka bahari nzima. Sijui nadharia gani ingenipa fasiri hiyo nikiwa chumbani na orodha yangu. Maana ile haikuwa ndani ya maneno manne. Ilitokana na mahali, wakati, hadhira na fanani, yale mambo ambayo sisi tunayakariri na kuyasahau.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu, na baadhi ni nzito.

Hoja ya kwanza: si simu hiyo hiyo iliyomleta Shangazi barazani? Kweli. Bila simu asingetoa mji wake, na mimi nisingekuwa na cha kuandika. Lakini tazama jinsi simu ilivyokuwepo. Watu walikuwa wamekwisha kaa, tambuu imekwisha zunguka, Bibi ameshaita "Kitendawili". Simu ilikuja kama mgeni aliyekaribishwa kwenye mkeka. Katika kundi letu la darasa simu ndiyo mwenyeji, sisi sote ni wageni, na hakuna mkeka. Tena hata usiku ule simu ilionyesha mpaka wake: popoo ilipozungushwa mkono kwa mkono, Shangazi peke yake hakuishika.

Hoja ya pili: kama tungekataa vyombo, tungekosa urithi mwingi. Hilo nalikubali bila kinyongo. Ngano alizozikusanya Edward Steere huko Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870 zimetufikia kwa sababu ya kalamu na mashine ya chapa. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yaliishi vichwani mwa watu baada ya yeye kufariki, hadi Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipoyaandika, na mwaka 1940 yakachapishwa kuwa diwani. Na Walter Ong, katika kitabu chake cha mwaka 1982, alieleza kwamba simu, redio na televisheni zimezaa usimulizi wa aina ya pili, wenye kanuni zake. Sina ugomvi na hayo. Ninachosema ni kwamba kuhifadhi na kuhakiki ni kazi mbili. Aliyehifadhi ametupa mfupa, naye tunamshukuru. Mhakiki asije akauchukua mfupa akaandika kurasa kumi kuhusu ladha ya nyama.

Hoja ya tatu, ambayo niliisikia kwa mwenzangu wa semina, ni kwamba baraza zenyewe zimekwisha, watoto wanatazama televisheni, na kwa hiyo mhakiki hana budi kufuata fasihi ilipo. Mwenzangu ana haki nusu. Fasihi inayoishi katika simu ipo na inastahili kuhakikiwa, kwa jina lake na kwa kanuni zake. Lakini kusema baraza zimekwisha bila kwenda kuzitafuta ni uvivu uliovaa joho la nadharia. Nilisema hivyo hivyo mimi mwenyewe, nikiwa nimekaa kitandani. Watoto saba wa Pangani walikuwa na televisheni nyumba ya pili. Walikuja barazani kwa sababu palikuwa na mtu anayewangojea.

Na hapa nasogea kidogo kutoka Pangani kuja kwetu chuoni, kwa kuwa ugonjwa ni ule ule. Semina yetu siku hizi inaendeshwaje? Mmoja anaandika, anatuma kwa simu. Wengine wanne wanajibu kwa alama ya kidole gumba. Siku ya kuwasilisha tunakutana mlangoni, tunasoma. Aya yangu ya popo ilipita mikononi mwa watu wanne kwa njia hiyo. Nina hakika kwamba kama tungekaa chini ya mwembe, nikaisoma kwa sauti, mmoja angeniambia, "Ngoja, popo wanavukaje mto?" na aya ingekufa palepale, kifo chema. Uso wa mtu anayekusikiliza una namna ya kukuuliza swali kabla hajafungua mdomo. Kidole gumba hakiulizi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, madogo na yanayowezekana. Kwanza, mkusanyaji akakae usiku wa kwanza bila chombo chochote cha kunasia sauti. Ategwe, ashindwe, atoe mji. Usiku wa pili aombe ruhusa ya kunasa. Pili, tuandikapo kitendawili tuandike pia majibu yaliyokosewa, miji iliyokataliwa na ule uliokubaliwa. Hiyo ndiyo matini kamili. Swali na jibu ni sehemu tu. Tatu, walimu wetu wasituulize katika mtihani jibu la kitendawili. Watuulize nani alitega, kwa nani, wapi, na kwa nini mji ule ulikataliwa. Mwanafunzi aliyebaki chumbani atajulikana mara moja.

Kazi yangu ya awali nimeiomba irudishwe, na aya ya popo nimeifuta. Orodha ya 64 ninayo bado. Nimekwisha rudi Pangani na vitendawili kumi vya kwanza, na Bibi ameniambia vitatu kati ya hivyo havijui, na kimoja "kimevunjwa mguu" njiani. Vimebaki 54. Wenzangu watakaoona nimekosea waniandikie katika toleo lijalo, au vizuri zaidi, waje tukae tubishane. Nikishindwa, mji nitatoa.